Kawaida ya Bonde

Doto alisema Vone yuko sawa.

Alisema kwa sauti yake ileile ya upole iliyotoka kwenye kishikwambi cha zahanati, sauti ambayo wataalamu wa tambarare waliitengeneza ifanane na ya shangazi asiye na haraka. "Vone yuko ndani ya kawaida ya bonde. Mpe maji ya vuguvugu, mwinue kichwa. Nitauliza tena jioni."

Nakunda aliinama kumtazama mwanawe mapajani. Matundu ya pua yalitanuka na kusinyaa, yakatanuka na kusinyaa. Chini ya mbavu, kila alipovuta pumzi, ngozi ilizama ndani kana kwamba kuna mtu anaivuta kwa upande wa pili. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Vone alikuwa mtoto wa kelele, alilia hata akichelewa kupakatwa, na sasa nguvu zake zote zilikuwa zimeitwa kwenye kazi moja tu.

"Sista, wewe unaonaje?"

Sista Elieshi, muuguzi wa Ivuma, alikuwa anahangaika na mtungi wa oksijeni. Aligonga kioo cha kipimo kwa ukucha. Mshale ulikuwa umeshaingia kwenye nyekundu. "Naona unachokiona wewe."

"Basi mwambie."

"Unadhani nimeshinda nikimwambia nini? Ananijibu asante kwa taarifa."

"Na sindano?"

"Nimemchoma. Lakini dawa inataka muda, na muda unataka pumzi." Elieshi alishusha sauti, ingawa hakukuwa na mtu mwingine chumbani. "Anatakiwa hospitali, mdogo wangu. Leo, kabla ya ukungu."

Barabara haikuwepo. Masika yalikuwa yameubomoa mlima juu ya kona ya pili, na Mbonea, baba yake Vone, alikuwa upande wa pili wa kifusi na wenzake, wakichimba kwa sururu. Kilichobaki ni Kipungu, ndege ya wagonjwa isiyo na rubani iliyolala kwenye banda lake huko tambarare. Na Kipungu hakikuruka kwa ombi la muuguzi wala la daktari. Kiliruka Doto akisema mtoto amevuka mstari.

Zamani muuguzi alikuwa na kitufe chake. Kikaondolewa, maana Ivuma ilikuwa inaita mno, na mara nyingi Kipungu kilitua kikamkuta mgonjwa anakimbiza kuku.

* * *

Daktari Rwiza wa hospitali ya tambarare alitokea kwenye kioo cha kishikwambi akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alipoona uso wa Nakunda akakiweka kando.

"Mama Vone. Namwona mwanao hapa. Pole sana."

"Daktari, tuletee Kipungu."

"Sina uwezo huo, unajua. Nikibonyeza mimi, kinauliza Doto anasemaje." Alisogeza macho kusoma kitu pembeni. "Na Doto anasema mtoto yuko ndani. Tazama, pumzi za haraka, ndiyo, lakini kwa watoto wa kwenu hizi si ngeni. Ni ile Pumzi ya Bonde. Mapafu yao ni madogo tangu kuzaliwa, ni ya milimani. Wanaishi nayo."

Nakunda aliijua Pumzi ya Bonde. Nani Ivuma hakuijua? Ilikuwa imeandikwa kwa chati na rangi, na wageni walikuwa wamekuja kuipongeza. Kwa ajili yake zahanati ilijengwa, ikapata sola na mtungi. Kwa ajili yake pia kiwanja cha mpira cha shule kiliwekewa mabenchi, ili watoto wakae. Watoto wa Ivuma walikuwa wamezoea kusimama katikati ya kilima na kushika viuno kama wazee, kwa kuwa vidani vya kupima pumzi shingoni mwao viliwaambia wamechoka. Nakunda mwenyewe, Vone alipoanza kutambaa kwa fujo, alikuwa akimwinua na kumkalisha.

"Daktari, mimi ndiye mlezi wa Madoto wa hapa, wote walio kwenye vidani. Niulize swali moja mbele yako."

"Uliza."

Akakigeukia kile kishikwambi kingine, cha kazi yake. "Doto. Mama wa mwisho wa Ivuma aliyesema mwanawe ni mzima ni nani?"

"Sina jibu la namna hiyo kutoka Ivuma."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kuuliza."

Daktari Rwiza alikunja uso. "Ndiyo, mama. Ndicho tunachosema. Ni watoto dhaifu."

"Hapana." Nakunda alivuta kanga ya Vone, akamfunika vizuri. "Daktari, kwenu mtu akikuuliza mtoto hajambo, unasemaje?"

"Nasema hajambo."

"Sisi hatusemi. Sisi tunasema yupo yupo tu. Anajikongoja. Tunamvutavuta. Mafua hayamwishi. Hata akiwa amenona hashikiki, hatusemi, tusije tukamwitia jicho. Na ninyi mkatuletea mashine, tukaiita Doto. Pacha wa kila mtoto. Kuna mtu hapa anaweza kumsifu Kurwa mbele ya Doto? Doto si ataona wivu amdhuru mwenzake?"

Daktari aliinamia meza. Alikuwa anajaribu kuiona njia yote kwa mara moja. Kila mtoto na kidani shingoni, kidani kinahesabu pumzi na mapigo. Lakini pumzi ni pumzi tu. Haijui kama ni nzuri au mbaya. Ndiyo maana kila jioni Doto huuliza mtoto anaendeleaje, kisha Madoto wote wa bonde hulinganisha pumzi na majibu ya kina mama, na hapo ndipo huchora mstari. Huku kawaida, kule hatari.

"Mmewaambia Madoto kuwa watoto wazima ni wagonjwa," alisema polepole.

"Ndiyo. Sasa mgonjwa akija, anafanana nao."

"Miaka yote hii." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Na mimi nimesimama mbele ya watu nikaeleza mapafu ya milimani."

"Tuletee Kipungu, Daktari."

"Mama Vone, hata nikikuamini, na nakuamini, siwezi kuusogeza mstari kwa mkono. Unasogezwa na majibu. Na ukungu kwenu unashuka saa ngapi?"

Elieshi ndiye aliyejibu, akiwa dirishani. "Umeshaanza kukaa juu ya msitu."

* * *

Kulikuwa na mlango wa nyuma, na Nakunda aliujua.

Vone alizaliwa tambarare, kwa shangazi wa Nakunda. Jina la shangazi bado lilikuwa kwenye kumbukumbu kama makazi ya pili. Mzazi aliruhusiwa kubadili makazi ya mwanawe. Akiyabadili, Vone atakuwa mtoto wa tambarare, atapimwa kwa mstari wa tambarare, na kwa mstari ule hali yake ilikuwa ya kupigiwa king'ora.

Alifungua ukurasa. Jina la shangazi, na chini yake duara la kijani la kuthibitisha.

"Bonyeza," alisema Elieshi. "Mimi niko dirishani, sioni kitu."

Kidole kilikuwa juu ya duara pale mlango uliposukumwa. Nakiete aliingia amelowa, kanga imemganda mwilini. Alikuwa wifi yake Nakunda, dada wa Mbonea, mwanamke wa maneno makali na mkono mwepesi wa kusaidia. Alimfungua mwanawe Senzo mgongoni, akamlaza kitandani kando ya miguu ya Vone, akarudi nyuma.

Matundu ya pua yalitanuka na kusinyaa. Ngozi ilizama chini ya mbavu.

"Tangu lini?" aliuliza Elieshi, mikono yake tayari kifuani pa mtoto.

"Asubuhi alikataa kunyonya. Doto wake anasema yuko ndani ya kawaida." Nakiete alitazama kishikwambi mikononi mwa Nakunda. Hakusoma sana shuleni, lakini alijua kusoma uso wa mke wa kaka yake. "Hiyo ni nini, wifi?"

Nakunda alimweleza. Hakujua kusema uongo kwa Nakiete. Kila alipojaribu alikamatwa. Alimweleza duara la kijani, na kwamba linafanya kazi kwa mtoto mwenye ndugu aliyesajiliwa tambarare. Nakiete hakuwa na ndugu kama huyo. Kipungu kingeweza kubeba watoto wanne, lakini kilisoma vidani. Mtoto asiye kwenye mwito akiingizwa, mlango ungekataa kufungwa. Na leo, kwa ukungu ule, kingekuja mara moja tu.

"Basi bonyeza," alisema Nakiete. Sauti ilikuwa kavu. "Unasubiri nini? Mmoja akipona si ni wetu sote?"

Nakunda alitazama duara, akamtazama Senzo. Akili yake ilienda, bila yeye kuituma, kwenye chumba cha masomo ya jioni alikosomea ulezi wa Madoto, taa inayopepesa, yeye na tumbo la Vone limebanwa na dawati la mtoto wa darasa la pili, na mwalimu amesimama na chekeche la jikoni. Chekeche halijui unga, alisema mwalimu yule. Linajua matundu yake. Ukilitoboa vibaya, utakula pumba ukidhani ndio unga wenyewe, na watoto wako watakua wakijua ladha ya unga ni hiyo.

"Kuna njia ya wote," alisema. "Ila itakuudhi."

"Niudhi."

"Inabidi useme Eliwaza ni mzima."

Eliwaza alikuwa binti mkubwa wa Nakiete, wa kwanza aliyebaki. Kabla yake alikuwepo mvulana. Siku moja, watu wakichota maji, Nakiete alicheka akasema mwanangu huyu amekuwa mzito hadi mgongo unalalamika. Haikufika Sabato, mtoto akazikwa. Bonde zima lilijua habari hiyo na hakuna aliyeitaja mbele yake.

Nakiete alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Unaniomba nimtoe mmoja nimpate mwingine."

"Sisemi jicho halipo, wifi. Sijui. Nakwambia ninachokijua. Doto hawezi kumwona Senzo kwa sababu hajawahi kuonyeshwa mtoto mzima akafananishe."

"Na mimi peke yangu natosha?"

"Hapana. Wote wanaotosha kuusogeza."

Nakiete alifunga macho. Alipoyafungua, alisimama, akajifunga kanga upya kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. "Kina mama wako ghalani," alisema. "Twende kabla sijabadili mawazo."

* * *

Ghala la tangawizi lilikuwa ng'ambo ya uwanja wa zahanati. Mvua ilikuwa imewafungia kina mama humo tangu mchana, wakiosha na kukata mizizi, watoto wametapakaa juu ya magunia. Harufu ya tangawizi mbichi iliwasha koo. Nakunda alisimama juu ya kreti, kishikwambi kifuani, na kuwaeleza. Alieleza vibaya mwanzoni, kisha vizuri.

Walimsikiliza hadi mwisho. Halafu mmoja akasema, "Kwa hiyo masomo ya jioni ndiyo yamekufikisha huku. Tuwasifu watoto kama mbuzi wa mnadani."

Watu wakacheka kidogo, cheko la woga.

"Si kusifu. Ni kusema tu alivyo."

"Sema 'kwa neema ya Mungu' mbele, jicho halipiti," alishauri mwingine.

"Mungu si kifuniko cha sufuria," alisema Nakiete. Ghala likatulia, maana walimwona sasa, na walimwona hana mtoto mgongoni.

Mama Kiangi, jirani wa ukuta kwa ukuta wa Nakunda, alifuta kisu kwenye aproni. "Mdogo wangu, nikuulize. Wakijua watoto ni wazima, hii zahanati si wataifunga? Ilikuja kwa ajili ya Pumzi ya Bonde."

Nakunda aliona jibu rahisi, likamjia hadi kwenye meno. "Huenda," alisema. "Sitakudanganya. Huenda wakapunguza, na itabidi tupigane nao kwa miguu yetu wenyewe. Lakini zahanati isiyoweza kumtofautisha mtoto anayekufa na anayecheza, tunaitunza ya nini?"

Kupitia mlango wazi, mnara wa mawasiliano juu ya kilima ulionekana nusu; nusu ya juu ilikuwa imekwisha kumezwa na ukungu.

Nakiete alikwenda kwenye magunia, akamshika Eliwaza mkono, akamleta mbele. Binti alikuwa na miguu mirefu na goti lenye kidonda kinachopona. Nakiete aliinama hadi kidani cha binti kikawa karibu na midomo yake. Mikono yake miwili ilikuwa imefunika masikio ya mtoto.

"Doto," alisema. "Ni mama yake Eliwaza. Huyu hana kitu. Hakohoi. Anakula. Jana amepanda mti wa parachichi, nimemchapa. Ni mzima. Mwanangu ni mzima."

Akabaki ameinama, kama anayengoja kipigo.

"Asante," ilisema sauti ya shangazi. "Nimepokea."

Hakikuanguka kitu. Eliwaza akasema, "Mama, unaniumiza masikio." Na mwanamke aliyetaja mbuzi wa mnadani aliweka kisu chini, akamwita mwanawe.

Wakaanza. Si wote, na si kwa mkupuo. Wengine walinong'ona, wengine waligeukia ukutani. Mama mmoja alisema "ni mzima" halafu akatema mate pembeni haraka. Mwingine alilia, akashindwa, akatoka nje kwenye mvua, akarudi, akasema. Vidani vilipokea. Kwenye kishikwambi cha Nakunda, mstari wa kawaida ya bonde, uliokuwa umelala juu kwa miaka, ulitikisika na kuanza kushuka, taratibu mno, kuelekea kwenye doti mbili nyekundu zilizokuwa chini yake. Moja ilikuwa Vone. Nyingine Senzo.

"Unakaribia," alisema Nakunda, akishuka kwenye kreti. "Unakaribia. Bado kidogo."

Mama Kiangi alikuwa na wavulana wawili, Kiangi na mdogo wake Mbwambo. Aliwashika wote wawili mabegani. "Doto, ni mama yao. Hawa wangu wote ni wazima kabisa, hawana hata chafya," alisema kwa sauti ya kujiamini kuliko wote. Mstari ukashuka tena.

Nyuma ya maneno hayo, Kiangi alikohoa. Kikohozi kifupi, kavu, kilichomkunja.

Nakunda alikisikia. Akaangalia kama kuna mwingine aliyesikia. Nakiete alikuwa amesikia. Macho yao yalikutana, na Nakiete akatikisa kichwa kidogo sana, kumwambia aache.

"Mama Kiangi," alisema Nakunda. "Huyo anakohoa."

"Kikohozi tu." Mama Kiangi aliongea chinichini. "Tangu juzi. Nimesema kwa ajili yako, mwenzangu. Tazama unavyoshuka. Nyamaza."

Ulikuwa unashuka kweli. Upana wa uzi ulibaki kati ya mstari na doti. Sauti nyingine moja ya uongo, mbili, na Kipungu kingenyanyuka. Nakunda alifikiria mbavu za Vone. Akafikiria pia kesho, na Kiangi amelala kwenye kitanda kile, na Doto akisema yuko sawa kwa kuwa mama yake mwenyewe alisema hivyo, kwa upendo.

"Rudi useme alivyo," alisema.

"Nikisema anaumwa, si utapanda?"

"Utapanda."

Nakiete alimfikia Nakunda kwa hatua ndefu. Hakupiga kelele, alimsogelea hadi pua zikagusana. "Wewe unaweza kusema hivyo. Una duara lako la kijani mkononi. Mstari ukipanda, Vone anaondoka, Senzo wangu anabaki. Unaheshimu ukweli kwa roho ya mwanangu."

Halikuwa tusi. Lilikuwa jambo lililo hivyo. Ukurasa wa makazi ulikuwa bado wazi nyuma ya ukurasa wa mstari. Tangu atoke zahanati hakuwa ameufunga, na alijua kwa nini.

Aliufungua mbele ya Nakiete ili aone. Jina la shangazi. Duara la kijani. Ng'ambo ya uwanja, Elieshi alikuwa mlangoni pa zahanati, anapunga mkono: mtungi umekwisha.

Nakunda alifuta jina la shangazi. Kishikwambi kiliuliza kama ana hakika. Akabonyeza tena.

"Sasa tuko sawa," alisema.

Nakiete alimwangalia kama mtu aliyeona nyumba ikiungua na mwenyewe akiwa ameshika kiberiti. Halafu akamgeukia Mama Kiangi. "Umeona alichofanya huyu mwendawazimu? Sema basi. Sema alivyo."

Mama Kiangi alipiga magoti kwenye maganda ya tangawizi. Alimsogeza Kiangi upande huu na Mbwambo upande ule. Alikuwa analia sasa. "Doto, nimekosea. Huyu mdogo, Mbwambo, ni mzima. Yuko hapa anataka kutoroka. Huyu Kiangi anaumwa. Si yupo yupo tu. Anaumwa. Kikohozi kinamkunja na leo hakutaka uji."

Nakunda alitazama mstari akingoja upande.

Haukupanda. Haukushuka pia. Ulitoweka, kioo kikabaki cheupe, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Doto hakusema asante.

Baadaye Daktari Rwiza angemweleza, na hata bila yeye angekuja kuelewa. Wazima peke yao walikuwa wanamsukuma Doto kidogo kidogo, kama watu wanaosukuma jiwe. Alichokuwa amekosa ni tofauti: ndugu wawili, nyumba moja, chakula kimoja, pumzi mbili zisizofanana, na mama mmoja aliyeyaweka maneno mawili mahali pawili. Hapo hesabu yake yote ya zamani ilikuwa imekosa pa kushika. Lakini pale ghalani hakujua. Alijua tu kwamba kioo ni cheupe, na kwamba amemfuta shangazi.

"Ninapanga upya," ilisema sauti.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mtu fulani alianza kuomba kwa Kipare, akaacha katikati.

"Vone yuko nje ya kawaida," ilisema sauti. "Senzo yuko nje ya kawaida. Kiangi yuko nje ya kawaida. Kipungu kimenyanyuka. Wasogezeni watoto mahali pa wazi."

Nakunda hakumbuki alivyotoka ghalani. Anakumbuka Nakiete akimpita mbio, kanga inamdondoka, na kumwita bila kugeuka, "Kimbia, wewe. Umesimama nini?"

* * *

Kipungu kilishuka kwenye kiwanja cha shule, kati ya mabenchi, taa zake zikipasua ukungu uliokuwa umekaribia paa. Elieshi aliwapanga watoto na mama zao humo ndani kwa haraka, akamvisha Vone barakoa ya ndege kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa na hali mbaya zaidi, akafunga mlango, akapiga bati kwa kiganja. Wakanyanyuka. Kwa muda hapakuwa na juu wala chini, weupe tu. Nakunda alihesabu pumzi za Vone kwa kidole kifuani pake na hakukitazama kishikwambi hata mara moja.

Walipotua tambarare, jua lilikuwa bado lipo. Lilimshangaza, kwamba huku lilikuwa limewaka tu siku nzima.

Daktari Rwiza alikuwa ametoka mwenyewe hadi kwenye nyasi, koti halijafungwa, na kishikwambi mkononi. Mlango ulipofunguka, macho yake yalikwenda kwenye kioo, kwa mazoea, kusoma Doto ameandika nini.

"Daktari," alisema Nakunda. "Mtazame yeye."

Mtu yule alisita. Kisha akakilaza kishikwambi kwenye nyasi, kioo chini, akapiga magoti pale pale na kuweka sikio lake kwenye kifua cha Vone. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko Nakunda alivyoweza kuvumilia, amefumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Upande wa kulia," alisema, akiwa bado ameinama. "Umejaa upande wa kulia. Wa kushoto unapigana." Aliinua uso kwa wauguzi waliokuwa wanakuja na vitanda. "Mtungi mkubwa kwa huyu. Na hawa wawili niwekeeni karibu, nitawasikiliza mmoja mmoja."

Walimkimbiza. Nakunda alikimbia kando ya kitanda, mkono wake umekwama kwenye kiganja cha mtoto. Kwenye ukumbi kulikuwa na mwanga mkali, na katika mwanga huo, barakoa kubwa ikiwa imefunika nusu ya uso, aliona rangi ya zambarau ikianza kuondoka pembeni mwa midomo ya mwanawe, taratibu, ikibakia katikati tu.

Halafu Vone akakunja uso. Akavuta pumzi moja ndefu ya hasira, na akalia.

Nakiete, aliyekuwa nyuma yao na Senzo, aliisikia kelele hiyo ukumbi mzima. "Huyo," alisema, akihema. "Huyo mtoto ana mapafu."

Alilisema kwa sauti kubwa, mbele za watu, na hakujifunika mdomo.